Kutoka Ujumbe wa Simu hadi Shambani: Huduma za Ushauri kwa Simu na Uenezaji wa Kilimo Endelevu Afrika Mashariki

Ikisiri

Huduma za ushauri wa kilimo kwa njia ya simu zimeenea katika nchi za Afrika Mashariki kwa zaidi ya muongo mmoja, na serikali zimeanza kuziingiza katika mipango ya ugani. Makala haya yanaeleza namna huduma hizo zinavyomsaidia mkulima mdogo kupokea mbinu za kilimo endelevu, na pia mahali zinapokwama. Mfano mkuu ni matumizi ya chokaa ya kilimo kwenye udongo wenye tindikali magharibi mwa Kenya na nchini Rwanda. Mfano huo unalinganishwa na tajiriba ya Uganda ya kutumia video. Makala yanahoji kwamba athari ya ujumbe wa simu ni ya kweli lakini ni ndogo. Aidha, yanaonesha kwamba manufaa yake hutegemea wakati, uaminifu wa mtumaji na, zaidi ya yote, lugha ya ujumbe wenyewe. Suala hili la mwisho ndilo wataalamu wa Kiswahili wana wajibu nalo, ingawa mpaka sasa limeachiwa zaidi wahandisi na wanauchumi.

1.0 Utangulizi

Mkulima wa mahindi mwenye shamba la ekari moja hufanya maamuzi mengi kila msimu: lini apande, mbegu gani anunue, mbolea aweke kiasi gani, na wadudu awakabili vipi. Kwa desturi, mshauri wake ni jirani, mzazi, mwenye duka la pembejeo, na mara chache afisa ugani. Maafisa ugani wa serikali ni wachache mno wakilinganishwa na wakulima wanaopaswa kuwahudumia, na wengi wao hawana usafiri wa kuwafikia walio mbali na barabara. Pengo hilo ndilo lililoifanya simu ya mkononi ionekane kuwa jawabu.

Matumaini hayo yalipata nguvu baada ya mwaka 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa Kenya na kuonesha kwamba simu ya kawaida, isiyo na intaneti, inaweza kubeba huduma nzito. Mwaka 2009 nchini Uganda, Grameen Foundation kwa kushirikiana na MTN na Google ilianzisha huduma ya kuuliza maswali ya kilimo kwa ujumbe mfupi. Nchini Kenya ikafuata iCow, iliyobuniwa na Su Kahumbu, ambayo ilimkumbusha mfugaji kalenda ya ng'ombe wake. Mwaka 2018 Wizara ya Kilimo ya Kenya ilianza kutumia jukwaa la MoA-INFO kutoa ushauri kuhusu viwavijeshi vamizi, wadudu walioripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuenea upesi katika mashamba ya mahindi.

Swali la makala haya si kama simu inamfikia mkulima, maana hilo limekwisha kujibiwa. Swali ni: je, ujumbe ukishafika, nini hutokea shambani, na kwa nini? Swali hili lina uzito wa kisera. Bajeti za ugani ni finyu, na kuna kishawishi cha kuichukulia simu kuwa mbadala wa afisa ugani. Kama dhana hiyo ni potofu, gharama yake italipwa na udongo na na wale wanaoulima.

2.0 Aina za Huduma na Utendaji Wake

Huduma za ushauri kwa simu zinaweza kugawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza ni arafa, yaani ujumbe mfupi wa maandishi, ambao hutumwa kwa wakulima wengi kwa mara moja. Kundi la pili ni menyu ya namba fupi, ambapo mkulima hupiga namba yenye alama za nyota na reli kisha akachagua mada anayoitaka. La tatu ni sauti iliyorekodiwa, ambayo mkulima huisikiliza kwa kupiga simu au kupigiwa. La nne ni kituo cha simu chenye mtaalamu anayejibu maswali ana kwa ana. Simu janja zimeongeza kundi la tano, la video na picha, lakini kundi hilo bado halijawafikia wakulima wengi wadogo.

Kila njia ina sharti lake. Arafa ni rahisi kwa gharama, lakini humhitaji mpokeaji anayejua kusoma. Sauti humfikia asiyesoma, lakini hupita. Mkulima hawezi kuirudia akiwa shambani isipokuwa apige tena. Menyu humpa mkulima uhuru wa kuchagua, ila inadhani kwamba tayari anajua anachokitafuta. Kituo cha simu ndicho kinachokaribia zaidi mazungumzo ya kweli, na ndicho chenye gharama kubwa zaidi. Tofauti hizi hazina budi kuzingatiwa kabla ya kuzungumzia "huduma za simu" kana kwamba ni kitu kimoja.

3.0 Safari ya Ushauri hadi Kuwa Tendo

Nadharia ya uenezaji wa ubunifu, iliyofafanuliwa na Everett Rogers katika kitabu chake cha mwaka 1962, inatufaa hapa. Kwa mujibu wa Rogers, mtu hupitia hatua tano: kujua, kushawishika, kuamua, kutekeleza na kuthibitisha. Anaongeza kuwa jambo jipya hupokewa haraka zaidi likiwa na faida iliyo wazi, likiafikiana na mazoea ya watu, likiwa jepesi kueleweka, likijaribika kwa kiwango kidogo, na matokeo yake yakionekana kwa wengine.

Tukizipima mbinu za kilimo endelevu kwa vigezo hivyo, tunaona mara moja ugumu wake. Faida ya mboji, matandazo au mzunguko wa mazao huja polepole, ilhali jasho lake hutoka leo. Mbinu ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa na kituo cha icipe na washirika wake tangu miaka ya 1990, ni mfano mzuri. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza vipekecha shina na kuzuia kiduha, na hupanda majani ya malisho pembezoni ili kuwavuta wadudu watoke shambani. Mbinu hii hufanya kazi, lakini inahitaji mbegu zisizopatikana katika kila duka, na desmodiamu inahitaji muda na palizi makini hadi ishike ardhi. Ujumbe mmoja wa simu hauwezi kumfikisha mkulima katika hatua ya nne.

Kwa hiyo, ni vyema kutofautisha aina mbili za ushauri. Aina ya kwanza inahusu tendo moja, linalonunulika dukani na lenye wakati maalumu, kwa mfano kuweka chokaa kabla ya kupanda au kukagua mahindi machanga ili kuona mayai ya viwavijeshi vamizi. Hapa simu ina nguvu, kwa sababu kikwazo kikuu ni kutojua au kusahau. Aina ya pili inahusu ujuzi wa mikono na wa macho, kama vile kuchimba makinga maji kwa kufuata kontua au kupogoa kahawa. Hapa simu inaweza kukumbusha, lakini haiwezi kufundisha peke yake.

4.0 Ushahidi kutoka Mashambani

4.1 Chokaa magharibi mwa Kenya na Rwanda

Sehemu kubwa ya udongo wa magharibi mwa Kenya na wa nyanda za juu za Rwanda una tindikali. Kiwango cha pH kikishuka chini ya takribani 5.5, aluminiamu iliyomo udongoni huyeyuka na kudhuru mizizi, huku fosforasi ikinaswa kiasi kwamba mmea hauipati hata mkulima akiweka mbolea. Matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya mbolea za viwandani, ikiwemo DAP, huongeza tatizo hilo. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Hata hivyo, tindikali haionekani kwa macho. Mkulima huona mahindi ya njano na kuongeza mbolea ileile, pengine ile inayozidisha tatizo.

Majaribio sita ya kutuma arafa yamefanywa Kenya na Rwanda kuhusu pembejeo za aina hii, na kuchambuliwa kwa pamoja na Raissa Fabregas, Michael Kremer na wenzao. Majaribio hayo yalitekelezwa na mashirika matatu tofauti, na matokeo yake yalipimwa kwa manunuzi halisi badala ya maneno ya wakulima peke yake. Uwiano wa uwezekano wa kufuata ushauri miongoni mwa waliopokea ujumbe ulikuwa 1.22 ukilinganishwa na wa wale ambao hawakuupokea. Takwimu hii inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Haina maana kwamba wakulima 22 zaidi kati ya 100 walinunua chokaa. Tuchukulie eneo ambalo wakulima 10 kati ya 100 wangenunua bila kushauriwa: uwiano huo ungewafikisha karibu 12. Ni ongezeko la watu wawili.

Je, wawili ni wachache? Jibu linategemea gharama. Ujumbe ukitumwa kwa wakulima 100,000 wa eneo kama hilo, takribani 1,900 zaidi wangechukua hatua, na gharama ya kumfikia kila mmoja ni ndogo mno. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mshauri wa sera anayeahidi kwamba arafa zitageuza kilimo cha wilaya nzima hana ushahidi wa ahadi hiyo.

Uchambuzi huo ulionesha mambo mengine matatu yenye maana kwa wapangaji. Kwanza, kurudia ujumbe kuliongeza athari kwa kiasi, na hapakuwa na dalili kubwa kwamba wakulima walichoshwa. Pili, athari ilipungua kadiri muda ulivyopita. Hivyo ushauri ni huduma ya kila msimu, si kampeni ya mara moja. Tatu, kuongeza maelezo ya kina zaidi au kubadilisha namna ya kuujenga ujumbe hakukuongeza athari kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu.

4.2 Tajiriba nyingine

Matokeo hayo yanaafikiana na mapitio mapana zaidi yaliyochapishwa mwaka 2019 na Fabregas, Kremer na Frank Schilbach. Mapitio hayo yalijumuisha tafiti za Afrika kusini mwa Sahara na India, na kukadiria kwamba ushauri wa kidijitali uliongeza mavuno kwa takribani 4%. Huko Gujarat, India, Shawn Cole na Nilesh Fernando walichunguza huduma ya sauti kwa wakulima wa pamba, na kuona kwamba wakulima walioipata walibadilisha uchaguzi wao wa viuatilifu kwa kufuata ushauri uliotolewa.

Hata hivyo, si kila jaribio hufaulu. Miongoni mwa wakulima wa miwa wa mkataba magharibi mwa Kenya, jaribio la kwanza la kutuma arafa za kukumbusha kazi za shamba lilionesha ongezeko la mavuno la 11.5%, lakini jaribio la pili la namna hiyohiyo halikuonesha athari. Nchini Uganda, Bjorn Van Campenhout na wenzake waliwaonesha wakulima wa mahindi video fupi kuhusu mbinu bora. Video ziliongeza maarifa na matumizi ya mbinu hizo, ilhali kuongezea juu yake huduma ya sauti na arafa hakukuleta tofauti kubwa. Funzo tunalolipata ni kwamba jicho hushawishi mahali ambapo neno hufahamisha tu. Mkulima anapomwona mwenziwe akipima nafasi kati ya mashimo, sharti la Rogers la kuonekana hutimia.

5.0 Lugha ya Ujumbe

Tafiti nyingi zilizotajwa hapo juu hupima kama ujumbe ulitumwa na kama tendo lilifanyika. Kilichomo katikati, yaani uelewa, hupewa nafasi ndogo. Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapohitajika.

Kwanza ni suala la nafasi. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160. Tuchukue mfano huu tulioutunga kwa ajili ya makala haya:

Udongo wa eneo lako una tindikali. Kabla ya kupanda, weka chokaa ya kilimo (si ya kupaka ukuta) shambani, changanya na udongo. Uliza duka la pembejeo.

Ujumbe huo una herufi 150, nafasi na alama zikihesabiwa, na bado haujataja kiasi. Kuna hatari nyingine ambayo watungaji wengi hawaitambui. Kitenzi au nomino yenye ng', kama vile ng'ombe, ikiandikwa kwa ile alama iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe badala ya alama iliyonyooka, mfumo wa simu huuhamisha ujumbe wote kwenye usimbaji mwingine, na kikomo hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe uliokuwa mmoja huwa vipande vitatu, na bili ya mtumaji hupanda vivyo hivyo. Tahajia ya lugha yetu, kwa hiyo, ina bei.

Pili ni utata wa istilahi. Neno chokaa kwa watu wengi ni kitu cha kupakia ukuta. Mabano yaliyomo katika mfano wetu si pambo. Chokaa iliyochomwa kwa ajili ya ujenzi ni kali na inaweza kudhuru ngozi na macho. Nchini Rwanda mkulima analijua jambo hili kwa jina la ishwagara, na ujumbe wa Kiswahili usiozingatia hilo utapita kando yake. Vivyo hivyo, mbolea huweza kumaanisha samadi, mboji au mbolea ya viwandani, na dawa huweza kuwa ya mtu, ya mifugo au ya wadudu. Viwavijeshi wa zamani, ambao huja kwa makundi makubwa na kuondoka, si sawa na viwavijeshi vamizi, ambao hujificha ndani ya kikonyo cha mahindi. Mkulima asiyetofautishiwa majina hayo atatumia mbinu isiyofaa.

Tatu ni majira na vipimo. Maneno masika na vuli yanaeleweka vyema katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, lakini kwa msemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, ambako kuna msimu mmoja tu wa mvua unaoanza karibu na Novemba hadi Aprili, ushauri wa "kupanda vuli" hauna mahali pa kushika. Nchini Rwanda misimu hutajwa kwa herufi A, B na C. Kilo kwa hekta ni kipimo cha mtaalamu. Mkulima hupima kwa ekari, debe, gorogoro, kizibo cha soda au kiganja. Tafsiri ya ushauri haikamiliki mpaka kipimo nacho kitafsiriwe.

Nne ni nafsi na heshima. Ujumbe wa simu hauna sura wala sauti, hivyo mpokeaji hujiuliza: ni nani huyu anayeniamuru? Mfululizo wa vitenzi vya amri bila salamu, bila jina la mtumaji na bila sababu husomeka kama tangazo la biashara. Kutaja taasisi inayotuma na kutoa sababu moja fupi ya ushauri ni sehemu ya adabu ya lugha, na pia ni sharti la uaminifu.

6.0 Mipaka na Hatari

Mipaka mitatu haina budi kutajwa. Wa kwanza ni usawa. Katika kaya nyingi simu ni ya mume, ilhali palizi, uvunaji na uhifadhi wa mbegu hufanywa zaidi na mke. Ujumbe hufika nyumbani pasipo kumfikia mtendaji. Utafiti wa video nchini Uganda ulionesha kwamba kumlenga mwanamke moja kwa moja kwa taarifa kuliongeza maarifa yake na nafasi yake katika maamuzi ya kilimo.

Wa pili ni maslahi. Huduma nyingi hulipiwa na wafadhili kwa miaka michache, kisha hutafuta mapato kwa kampuni za pembejeo. Mshauri anayelipwa na muuzaji wa viuatilifu atapata ugumu kumwambia mkulima kwamba msimu huu hana haja ya kupuliza. Kwa kilimo endelevu, ambacho mara nyingi hushauri kupunguza matumizi ya kemikali, mgongano huo ni mkubwa.

Wa tatu ni taarifa binafsi. Huduma hizi hukusanya namba za simu, mahali shamba lilipo, zao na wakati mwingine mikopo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria zipo, kinachobaki ni mkulima kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, nani anazo taarifa zake na kwa kazi gani.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba huduma za ushauri kwa simu husaidia uenezaji wa kilimo endelevu pale ambapo kikwazo ni kutojua au kusahau, ambapo tendo ni moja na lina wakati wake, na ambapo pembejeo inayotajwa inapatikana. Kumtumia mkulima ujumbe kuhusu chokaa isiyouzwa katika soko lake ni kumpa elimu asiyoweza kuitumia. Ujuzi wa mikono bado unamhitaji afisa ugani, mkulima kiongozi au, kwa uchache, picha inayotembea.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne. Mosi, wizara za kilimo zitumie simu kumwongezea afisa ugani uwezo, na zisiichukulie kuwa sababu ya kupunguza ajira zake. Pili, kila mpango utengewe fedha za kurudia ujumbe msimu hadi msimu, kwa kuwa athari hufifia. Tatu, kila ujumbe ujaribiwe kwa wakulima wachache wa eneo husika kabla ya kutumwa, swali la majaribio lisiwe "umeelewa?" bali "utafanya nini?". Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na vyuo vikuu na taasisi za utafiti wa kilimo, isimamie faharasa ya pamoja ya istilahi za udongo, wadudu na vipimo, inayoonesha visawe vya kila nchi na vya lugha jirani.

Pendekezo la nne lina fursa ya pekee wakati huu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakiridhia kuwa lugha rasmi yake mwaka 2021, na Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Viongozi waliokutana Nairobi mwezi Mei 2024 waliahidi kurejesha afya ya udongo wa Afrika. Ahadi hiyo imeandikwa kwa lugha za mikutano. Itatimizwa au kuvunjwa na mtu aliyesimama shambani na simu mkononi, akisoma mstari mmoja na kujiuliza kama chokaa inayotajwa ni ile aliyoiona ukutani kwa jirani.